Khala, Rafiki Yangu: Santuri ya Amanaz Imefika Michenzani

Wimbo wa nne, upande wa kwanza, unaitwa Khala My Friend. Nusu ya jina hilo haihitaji mkalimani kwa mtu wa Unguja wala wa Pemba. Khala, kwa Kinyanja, ni kaa. Kaa, rafiki yangu. Mara ya kwanza nilipousikia nilikuwa jikoni nakuna nazi, mlango wa chumbani uko wazi. Nikaiacha nazi nusu kifuu, nikaenda kukaa sakafuni mbele ya spika mpaka upande ukaisha.

Santuri yenyewe inaitwa Africa. Waliopiga ni Amanaz, vijana wa Zambia, na ilitoka mwaka 1975. Niliyonayo mimi ni toleo jipya la Now-Again, lebo ya Los Angeles, sahani mbili ndani ya jalada moja. Nimekuwa nikiisikiliza tangu Mfunguo Tatu, karibu kila usiku nikishafunga duka la khanga Darajani, na sasa najihisi nina haki ya kuisemea.

Kwanza niseme nilivyoifikia. Mjomba wangu alikuwa fundi wa kuchomea vyuma. Ujanani alivuka kwenda Dar es Salaam akapata kibarua katika reli ya TAZARA, ile iliyojengwa na Wachina baina ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi. Ukishuka Kapiri Mposhi, miji ya migodi ya shaba haiko mbali: Ndola, Kitwe, Chingola. Mjomba alikuwa akitusimulia kwamba Jumamosi huko vijana walipiga magitaa ya umeme yakanguruma kama mashine ya kusaga, na watu wakacheza mpaka alfajiri. Alirudi Unguja na gramafoni na santuri mbili. Moja tulivunja sisi watoto, tuliikalia. Ya pili ilipotea katika kuhama nyumba, jina la bendi hakulishika, na kwa miaka mingi kila nilipomuuliza alikuwa akinijibu hivyo hivyo: "Mwanangu, walikuwa Wazambia, na walikuwa na gitaa lenye mikwaruzo." Basi mwaka juzi nikaanza kutafuta gitaa lenye mikwaruzo.

Nikagundua halikuwa moja. Lilikuwa kundi zima la bendi, na muziki wao ukapewa jina la Zamrock. Zambia ilipata uhuru Oktoba 1964, mwaka uleule wetu wa Mapinduzi na Muungano. Shaba ilikuwa na bei, miji ya migodi ilikuwa na mishahara, na vijana walikuwa na redio zilizowaletea Jimi Hendrix na Rolling Stones. Kisha Rais Kaunda akaagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia. Fikiri maana yake kwa mpiga gitaa wa miaka ishirini: redio ina saa nzima za kujaza na inakungoja wewe. Wakajaza kwa walichokijua, gitaa la umeme upande mmoja na ngoma za kwao upande wa pili, Kiingereza, Kibemba na Kinyanja katika santuri moja. WITCH ndio waliovuma zaidi, na mwimbaji wao Emmanuel Chanda aliitwa Jagari kwa sababu ya Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones. Bendi nyingine, Musi-O-Tunya, walipanda mpaka Nairobi wakafanya kazi zao huko. Nairobi! Mahali ambapo hata bendi zetu za taarab zilikwenda kurekodi.

Halafu bei ya shaba ikaanguka katikati ya miaka ya sabini, pesa ikakauka, kanda za kunakili zikaua biashara ya santuri, na ukimwi ukawachukua wanamuziki wengi sana wa kizazi kile. Ndiyo maana santuri hizi zilisahaulika. Hazikusahaulika kwa kuwa mbovu. Watu wa kuzitetea walikufa.

Sasa nisemee sauti, maana ndiyo kazi ninayoijua. Mie ni mpiga fidla. Nimejifunza taarab kwa kusikiliza mikono ya wakubwa, na jambo la kwanza tunalofunzwa ni kujibizana: fidla ikisema, udi unajibu, ganuni inapita katikati, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Amanaz wana magitaa mawili, na katika Khala My Friend yanafanya hivyo hasa. Moja linapiga nyuzi za chini taratibu, hatua kwa hatua, kama mtu anayepanda ngazi za nyumba ya Mji Mkongwe gizani. La pili linakuja juu yake kwa sauti nyembamba, likivuta noti kidogo kabla ya kuiachia. Mwimbaji haimbi kwa nguvu. Anaomba. Kuna utaarabu ndani ya ombi lile, ingawa waliolipiga labda hawakuwahi kuisikia fidla ya Kiunguja maishani mwao.

Na santuri haikupi nafasi ya kupumua. Wimbo unaofuata ni History of Man, na hapo ndipo gitaa la mjomba linapotokea. Ni sauti iliyochanika, nzito, kama spika iliyotobolewa makusudi, na besi inatembea chini yake bila haraka. Mara ya kwanza mama yangu mdogo aliyekuwa chumba cha pili aliniuliza kama mashine imeharibika. Haikuharibika. Ni kifaa cha kukanyagia kwa mguu kinachoikwaruza sauti ya gitaa, na hawa walikikanyaga kwa makusudi kamili. Kutoka ombi la upole mpaka ngurumo ile ni sekunde chache tu za ukimya, na ninasema kwa moyo wote kwamba mpito huo ndio bora kuliko wowote niliousikia katika santuri ya roki.

Upande wa kwanza unafungwa na Nsunka Lwendo. Lwendo ni safari, ndugu ya mwendo wetu, na wimbo unakwenda kweli, dramu zikiiga ngoma. Santuri yote inamalizikia kwa Kale. Neno hilo silifasiri. Unalo.

Toleo hili lina jambo ambalo mnunuzi lazima alijue. Muziki ni mmoja lakini umechanganywa mara mbili. Sahani moja ni kavu, sauti ziko karibu nawe, unasikia ngozi ya dramu na kucha za mpiga besi. Ya pili imejazwa mwangwi, kila kitu kinaogelea mbali kidogo, kama muziki unaotoka ukumbini na wewe uko nje barazani. Nimesoma watu wengi wakiusifu mwangwi. Mimi nashikilia ukavu. Sababu yangu ni yaleyale magitaa mawili: katika mchanganyiko mkavu mazungumzo yao yako wazi, unajua nani kauliza na nani kajibu. Ukiyaweka kwenye mwangwi yanakuwa watu wawili wanaoitana ng'ambo ya bahari. Pahala pamoja tu nauchagua mwangwi, na pahala hapo ni I Am Very Far. Wimbo unasema niko mbali sana, basi acha uwe mbali.

Si santuri isiyo na kasoro. Dramu zimerekodiwa nyembamba, na upande wa pili unalegea katikati. Making the Scene na Big Enough nazisikiliza kwa adabu tu nikiingoja Kale. Wakati mwingine mwimbaji anapoingia kwenye Kiingereza cha kuiga Marekani anapoteza ule upole wake. Lakini akirudi kwenye lugha ya kwao, hata koo linabadilika. Sisi wa taarab tunalijua hilo tangu Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 akaimba Kiswahili mbele ya mashine za kurekodia. Alichokiimba ndicho kilichouza.

Kuna orodha nyingi za santuri za roki zilizopuuzwa za miaka ile, nami nimezifuata kadiri nilivyoweza. Forever Changes ya bendi ya Love, ya 1967, iliishia nafasi ya 154 Marekani, nayo ina fidla na tarumbeta zilizopangwa kwa uzuri ambao ulinifanya nirudie mazoezi yangu kwa aibu. Odessey and Oracle ya Zombies ilitoka 1968 bendi ikiwa imeshavunjika, na neno la kwanza juu ya jalada limeandikwa kwa makosa mpaka leo. Cold Fact ya Rodriguez, ya 1970, haikusikika kwao Marekani lakini Afrika Kusini waliipenda kama ya kwao. Zote tatu nzuri. Ila orodha hizo huanzia London na kuishia California, na Zambia ikitajwa hutajwa kama kioja. Ndilo linalonikera. Kwangu mimi Chingola si kioja. Kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi ni reli moja, na Chingola haiko mbali na hapo.

Na hapa mjini kwetu roki ina jina moja tu. Mgeni akishuka bandarini anauliza nyumba ya Freddie Mercury, na vijana wa Shangani wanampeleka. Ni haki, Farrokh Bulsara, ndilo jina lake la kuzaliwa, alizaliwa hapa mwaka 1946, na santuri ya kwanza ya bendi yake Queen ya 1973 naiheshimu. Lakini yeye aliondoka na muziki wake aliufanyia Uingereza. Hawa wa Amanaz hawakwenda popote. Gitaa waliliunganisha kwenye umeme wa kwao wakaimba khala.

Mambo ya ununuzi sasa. Nakala yangu ya kwanza niliiagiza dukani ng'ambo, ikafika imepinda kama ungo. Muuzaji alinijibu kwamba ni joto la safarini na si kosa lake. Nilijaribu kuinyoosha kwa kuilaza chini ya vitabu vizito wiki mbili, haikukubali, sindano iliruka kila mzunguko mwanzoni mwa kila upande. Ya pili nilimwomba mtoto wa mamdogo aliyekuwa anarudi kwa likizo, akaileta mkononi ndani ya ndege, imesimama wima baina ya makanzu. Ilinigharimu laki moja na ishirini na kilo mbili za karafuu za mama yake. Kama unaagiza, usiikubali nakala iliyofungwa kwa bahasha laini, na ikifika usiilaze. Isimamishe kama kitabu, mbali na dirisha linalopigwa na jua la alasiri. Nyumba zetu za Michenzani zinashika joto kuliko unavyodhani. Sindano nayo ifute kila mara, upepo wa bahari unaleta chumvi na vumbi pamoja.

Asiye na mashine ya santuri asijinyime. Ipo kwenye simu pia, na Khala My Friend inasikika vizuri hata kwa vipokea sauti vya kawaida. Anzia hapo, kisha iache History of Man ikupige, ndipo urudi mwanzo.

Mjomba nilimpelekea Kikwajuni, mashine nimeibeba kwenye bajaji. Amezeeka, sikio la kushoto halisikii tena, kwa hiyo nikaiweka spika kulia kwake. Nikamwamkia, akanipokea, nikaanzisha upande wa kwanza bila kumwambia ni nini. Alikaa kimya nyimbo tatu. Ya nne akaniuliza, "Wanamwambia nani akae?" Nikamwambia rafiki. Ya tano ilipoanza kunguruma akacheka, akapiga goti kwa kiganja. Nilimuuliza kama ndio wale wa Kapiri Mposhi. Akafikiri sana. Akasema hawezi kuapa, kwamba bendi zilikuwa nyingi na yeye alikuwa kijana, lakini gitaa ni lile.

Alhamisi iliyopita niliupeleka ule mstari wa gitaa mazoezini kwetu. Fidla iliushika mara moja, kwa sababu ule uvutaji wa noti umo mkononi mwetu tayari. Mpiga besi aliuchukua upande wa chini baada ya kusikia mara mbili. Dumbak, ile ngoma ya kupigwa kwa mikono, ilihangaika, kila ikiingia ilitaka kukimbia, mpaka bwana anayeipiga akaamua kupiga kidole kimoja tu na kunyamaza. Ganuni bado hatujaipatia pahala. Wiki hii tunajaribu kuiacha ingoje mpaka mwimbaji amalize kuomba, ndipo iingie.