Mita ya manjano DT-830D: imelipa gharama yake chini ya kiti cha Noah

Kama gari lako lina muziki uliofungwa na fundi usiyemjua, nunua mita ya kupimia umeme kabla hujanunua spika nyingine. Ninayoizungumzia ni ile ndogo ya manjano, DT-830D, inayojaa kwenye maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo, ndani ya kiboksi chepesi pamoja na nyaya mbili, mwekundu na mweusi. Yangu niliichukua upande wa Gerezani kwa sh 12,000, baada ya kuvutana na muuzaji aliyeanzia 18,000. Hakuna kiwanda kimoja cha kukisifu wala kukilaumu. Wengi wanaitoa kwa namba hiyohiyo, ndiyo maana mbili zilizokaa rafu moja zinaweza zisifanane ndani.

Kazi niliyoinunulia ni Toyota Noah yangu. Siku za shule inabeba watoto wa Mbagala, Jumamosi ikipata harusi inabeba kina mama wa sare. Muziki nilikuta umeshafungwa: redio ya Android, amplifaya chini ya kiti cha nyuma, na kasha la besi linalokula nusu ya nafasi ya mizigo. Nisingeuchagua mwenyewe, ila siwezi kukaa foleni ya Rangi Tatu bila taarabu.

Magari yetu mengi yana nyaya za redio zilizokatwakatwa, na sababu yake haitoki mbali. Yanatoka Japani, ambako FM kwa miaka mingi ilianzia 76 ikaishia 90, wakati huku stesheni zetu zimetawanyika hadi 108. Redio ya kiwandani inakuwa pambo tu, inang'olewa wiki ya kwanza, na anayeing'oa ana mkasi, tepu nyeusi na haraka. Ukifungua deshibodi unakuta nyaya zimesokotwa kwa vidole tu. Risasi ya kuchomelea hakuna.

Yangu ilikuwa na magonjwa manne kwa mpigo. Ukipandisha besi, amplifaya inawasha taa nyekundu na kunyamaza. Ukikanyaga mafuta, spika zinatoa wiii inayopanda na kushuka na injini. Mlango wa abiria ukibamizwa, sauti ya mbele inakata. Na wikiendi isiyo na harusi, Jumatatu alfajiri selfu haizunguki kabisa, watoto wananisubiri barabarani.

Fundi wa kwanza alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa. "Mama, altaneta imechoka hii. Bila altaneta nyingine hapa hatufiki." Bei alikuwa nayo tayari mdomoni. Wa pili alisema amplifaya ni feki. Wote wawili hawakupima kitu chochote, na mimi sitoi hela kwa kusikilizishwa.

Kwa muziki wa gari, mita hii huiweki pengi: swichi yake ya kuzungusha inakaa kwenye volti 20 za DC, yaani umeme wa betri, karibu muda wote. Nikagusisha ncha kwenye betri injini ikiwa imezimwa: 12.6. Injini ikiunguruma: 14.1. Altaneta ikashinda kesi yake hapohapo. Nilipomwambia yule fundi, akanijibu, "Mama, mita hizo za Kariakoo zinadanganya." Zinadanganya kweli wakati mwingine, nitafika huko, lakini siku ile hazikudanganya.

Sehemu ya kujifunza ni kwenye skrubu za amplifaya. Muziki ukiwa umezimwa, mita ilisoma 14.0 pale, na mtu mwenye haraka angefunga kiti akaenda zake. Waya mbovu hauonekani ubovu wake mpaka ubebe mzigo. Mita yenyewe inavuta umeme mdogo mno, upinzani wake wa ndani ni kama omu milioni moja, kwa hiyo hata uzi mmoja wa shaba uliosalia unatosha kuipa volti 14. Besi inapoanza kudai ampea zake ndipo volti zinapopotea njiani. Ukipima kimya kimya unapima bure.

Kupima na wimbo nako kuna usumbufu. Wimbo una mapigo, na namba za mita hii zinabadilika mara mbili au tatu tu kwa sekunde, kwa hiyo unaona 13, 11, 12, huelewi ushike ipi. Weka kwenye simu mlio mmoja usiobadilika wa hezi 50, uupige kwa sekunde chache chache usije ukachoma koili ya spika. Majirani watauliza kinachounguruma ni nini. Waambie jenereta.

Kwa mlio huo betri ilisoma 13.8, amplifaya 10.8. Volti 3 zimeliwa kati ya boneti na kiti cha nyuma. Sasa mlaji ni nani? Hapa nilihitaji msaada wa kijana mmoja wa Tandika ambaye siku hizi ndiye anayenishikia nyaya zote, kwa sababu ana tabia moja nzuri: anapima kabla ya kufungua mdomo. Tukaunga kipande kirefu cha waya kwenye ncha moja, maana nyaya za mita hazifiki hata urefu wa mkono, kisha tukapima kutoka chanya ya betri hadi chanya ya amplifaya huku mlio ukiendelea. Mita ilisoma 0.4. Maana yake waya wote mwekundu pamoja na fyuzi yake unapoteza hiyo tu. Tukahamia upande wa hasi, kutoka hasi ya amplifaya hadi hasi ya betri: 2.6. Jumlisha, unapata 3.0 ileile iliyopotea.

Ethi, yaani ule waya wa hasi unaofungwa kwenye bati la gari, ilikuwa imebanwa kwenye bolti ya mkanda wa kiti, juu ya rangi, kwa waya mwembamba kuliko wa chanya. Wengi wanaona waya mweusi si lolote kwa sababu hauchomi kidole, lakini kila ampea inayoingia kwa mwekundu lazima irudi kwa mweusi, kwa hiyo unene wake uwe sawa. (Na bolti ya mkanda iachwe ishike mkanda.) Kijana alitafuta bati la sakafu, akalipiga msasa hadi likang'aa, akafunga waya mnene na mfupi wenye kichwa kilichobanwa vizuri, akapaka grisi juu. Pwani hii bati tupu halimalizi masika bila kutu. Tulipopima tena, upande wa hasi ulisoma 0.1. Taa nyekundu ya amplifaya sijaiona tangu siku hiyo, na ile inayoitwa feki ndiyo inayopiga mpaka leo.

Wiii nayo ilipungua sana bila kuguswa. Amplifaya ikikosa njia nzuri ya kurudisha umeme, sehemu ya umeme huo inapita kwenye ganda la waya wa RCA, ule unaoleta sauti kutoka kwenye redio, kuelekea redio, na hapo ndipo kelele za altaneta zinapoingia. Sauti kidogo iliyobaki ilikwisha tulipozihamisha RCA, zikapita upande wa pili wa gari, mbali na waya mwekundu mnene. Kabla ya hapo kijana aliweka mita kwenye alama ya kengele, inayolia kukiwa na njia kati ya ncha mbili, akagusa ganda la RCA na ganda la chuma la redio. Ikalia, maana yake redio ni nzima. Isingelia, ingekuwa ile njia nyembamba ya ethi ndani ya redio imeungua, jambo linalotokea ukichomoa RCA huku amplifaya inawaka, na hapo kusafisha ethi ya nyuma kusingesaidia chochote.

Kwenye mlango mita ilifanya kazi kwa upande wake wa omu. Chomoa plagi nyuma ya redio kwanza, usipime ikiwa imechomekwa. Spika ya omu 4 itasoma kama 3.4, usishangae, namba iliyoandikwa nyuma ya spika si ya kipimo hiki. Tena nyaya za mita zenyewe zina upinzani wake: zigusishe pamoja, yangu inatoa 0.5, toa hiyo kwenye jibu. Kisha gusa kila waya wa spika upande mmoja na bati la gari upande wa pili. Kinachotakiwa ni ile "1" peke yake pembeni kushoto, ambayo kwa mita hii ina maana hakuna njia kabisa, wala si omu moja. Wangapi nimewaona wakiisoma kama omu moja! Nyaya zangu za spika ya mbele kushoto, pinki na zambarau kwenye Toyota, zilikuwa zinatoa "1" mlango ukiwa wazi na karibu sifuri ukifungwa. Ndani ya mpira wa bawaba, ganda la waya wa zambarau lilikuwa limekwanguka na kugusa bati. Redio za siku hizi hazitumii bodi kama hasi ya spika, nyaya zote mbili zinabeba sauti, kwa hiyo mmoja ukigusa bati redio inajikinga na kunyamaza. Fundi anayekwambia "hasi ya spika funga popote kwenye bodi" anazungumzia redio za zamani sana.

Betri ya Jumatatu ndiyo iliyonikasirisha. Kwenye plagi ya Toyota ya pini kumi, bluu yenye mstari wa njano ina moto saa zote, kijivu inapata moto ufunguo ukizungushwa, kahawia ni ethi. Upande wa redio za kununua, njano ni ya moto wa kudumu na nyekundu ni ya ufunguo. Aliyefunga yangu alisokota njano na nyekundu pamoja, akaziunga kwenye bluu-njano, nadhani ili muziki upige bila ufunguo. Kwa hiyo redio ilikuwa hailali, na kupitia waya wake wa bluu-nyeupe ilikuwa inaiamsha amplifaya usiku kucha. Tulipochomoa hasi ya betri na kupitisha umeme ndani ya mita, gari limezimwa na milango imefungwa, ilisoma ampea 0.9. Ijumaa jioni hadi Jumatatu alfajiri ni kama saa 58, na 0.9 mara 58 ni kama 52, wakati betri yangu ni ya Ah 45, yaani ampea moja kwa saa 45 tu. Baada ya nyekundu kuhamia kwenye kijivu, na kusubiri kidogo kompyuta za gari zitulie, ilishuka hadi 0.03.

Kipimo hicho cha ampea ndicho kinachonifanya nisiisifu mita hii bila breki. Tundu lake la 10A halina fyuzi. Ukiwasha selfu ikiwa imefungwa hivyo, zaidi ya ampea mia zinataka kupita kwenye kijiwaya cha ndani. Na ukisahau waya mwekundu kwenye tundu hilo, kisha ukaenda kupima volti za betri, umepiga shoti kwa mikono yako. Mimi nimebandika kipande cha tepu nyekundu juu ya tundu, anayelitaka lazima aibandue kwanza. Kwa sababu hiyohiyo siipeleki kwenye umeme wa nyumba hata kama imeandikwa volti 750. Ganda lake na nyaya zake hazinipi imani hiyo.

Nyaya ni udhaifu mwingine. Plastiki yake ngumu, shaba yenyewe nyuzi chache, na zangu zilikatikia shingoni mapema, zikaanza kuonesha volti zinazokuja na kuondoka, mpaka ukadhani gari ndilo bovu. Nilinunua nyingine laini kwa sh 5,000 na nikaongezea vibano vya mamba. Hizo zihesabu kwenye bei.

Halafu ule uongo alioutaja fundi. Mita inatumia betri ya volti 9, na betri hiyo ikichoka namba hazishuki, zinapanda. Unapima betri ya gari iliyolala inakwambia 14 na ushee, ukadhani umepata muujiza. Alama ya betri chovu kwenye kioo huchelewa kutokea. Nikiona namba nzuri kupita kiasi, napima kwanza betri ambayo naijua.

Ununue pia taa ya kupimia, ile yenye sindano na kibano, ya balbu na si ya LED. Balbu inavuta mzigo wa kweli. Waya ambao mita inasema una 12 na balbu haiwaki, huo umeshaoza ndani.

Dukani usikubali kufungiwa tu kwenye mfuko. Mwambie muuzaji aweke betri, azungushe swichi yote, agusishe ncha kwenye alama ya kengele. Nyingine zinazofanana nayo kwa sura, zenye herufi B badala ya D, hazina kengele kabisa, na ukiwa umelala chini ya deshibodi huwezi kuangalia kioo. Na kama kazi yako ya kila siku ni kufunga muziki, kuna mita ya kubana waya ya UNI-T, UT210E, inayosoma ampea za DC bila kuchomoa betri wala kukata kitu. Kijana wa Tandika anadunduliza aipate. Kwa Noah moja, mimi nimebaki na ya manjano.