Krismasi ya kwanza kwenye nyumba mpya Tanga: nini ununue kwanza, nini baadaye, na nini ukiache dukani

Ukihamia nyumba mpya mwezi wa kumi au wa kumi na moja, Desemba inakukuta mfukoni hamna kitu. Kodi ya miezi sita umelipa, au kama ni ya kwako fundi bado anakudai, kochi halijafika, na watoto wameshaanza kuuliza mti uko wapi. Hapo ndo wengi wanakimbilia Ngamiani tarehe 23 jioni, wananunua chochote kinachometa, wanarudi na mfuko mkubwa, halafu Januari vyote vinaingia stoo na nyumba inabaki tupu vilevile. Sasa mwongozo huu ni wa mtu wa namna hiyo, awe Makorora, Chumbageni, Sahare au huko Kange kwenye nyumba mpya mpya, ana hela kidogo na anataka mtu akifungua mlango aone hapa kuna sikukuu. Kipimo nilichotumia ni kimoja: kitu kitakachoendelea kuifaa nyumba baada ya Epifania, tarehe 6 Januari, kinapanda juu, na kile kinachokufa siku hiyo kinashuka chini. Mti haujashika namba moja, najua wengine mtabisha, ila soma kwanza.

Namba moja ni taa. Nyumba isiyo na fanicha ukiiwasha taa ndogo ndogo dirishani inakuwa nyumba nyingine kabisa, hakuna pambo lingine lenye uwezo huo kwa hela hiyo. Na taa hazina dini wala msimu, Krismasi ikiisha zinaenda kwenye harusi ya mdogo wako, jirani anaziazima za Maulidi, mwakani mtoto anapata kipaimara zinarudi barazani. Chukua za LED, siyo zile za zamani zenye balbu za waya zinazochemka ukizishika. Hesabu yake ni rahisi: seti ya wati 10 ukiiwasha masaa matano kila usiku kwa siku 20 inakula uniti moja tu ya LUKU, ile ya zamani ya wati 40 inakula uniti nne kwa muda huohuo, na joto lake juu ukiongeza na hili joto letu la Desemba sebule haikaliki. Rangi, mimi nasema chukua nyeupe iliyoegemea manjano, isiyo na mambo ya kubadilika badilika. Zile za rangi nyingi zinazopepesa watoto wanazipenda siku mbili, baada ya hapo zinaumiza macho na mtu anazizima, na taa iliyozimwa haipambi kitu.

Kabla hujalipa mwambie muuzaji achomeke. Usikubali maneno ya "zinawaka zote hizo", aziwashe mbele yako, uzinyooshe mwanzo mpaka mwisho uone hakuna kipande kilichokufa. Angalia waya, kama ni mwembamba sana na ukiukunja unaona shaba, rudisha hapohapo. Tafuta nembo ya TBS, Shirika la Viwango, kwenye boksi. Seti yenye adapta inayoshusha umeme, utaona imeandikwa volti 24 au 31 upande wa kutokea, ni salama kuliko ile inayopeleka volti 230 moja kwa moja mpaka kwenye tawi ambalo mtoto anashika. Za kuweka nje ziwe zimeandikwa IP65, au angalau IP44, hiyo ni alama ya kuonyesha zinavyozuia maji, kwa sababu vuli bado inaweza kunyesha mwezi huo. Na tafadhali usiunganishe seti tano kwenye ekstensheni moja ya bei ya chini ambayo tayari ina friji na televisheni, huko ndo moto unakoanzia.

Za sola nazo zipo, nazipa nafasi ya pili ndani ya taa. Kwa baraza na geti ni nzuri sana, jua tunalo, umeme ukikatika nyumba yako ndo inabaki inawaka mtaa mzima, ila kile kipaneli kikae mahali penye jua kweli na siyo chini ya mwembe. Za betri za kawaida sizipendi, bei yake inaonekana ndogo, lakini ukihesabu betri za mwezi mzima umeshanunua seti nyingine.

Namba mbili mapazia. Najua hayamo kwenye picha za mapambo ya Krismasi, lakini kwetu hapa sikukuu bila pazia jipya haijakamilika, na nyumba mpya mara nyingi madirisha yake hayalingani na mapazia uliyokuja nayo. Pima kwanza. Ukitaka mikunjo inayojaa, upana wa kitambaa uwe mara mbili ya dirisha, yaani dirisha la mita moja na nusu linataka kitambaa cha mita tatu, ukinunua sawasawa na dirisha linakaa kama shuka limeanikwa. Kitambaa kiwe chepesi kinachopitisha upepo, yale mazito ya mitumba yanavutia kweli kwa mkono, ila mwezi wa kumi na mbili Tanga unahitaji kila upepo unaotoka baharini. Rangi chagua utakayoweza kuishi nayo mpaka Pasaka na kuendelea: kijani iliyoiva, maziwa, dhahabu iliyofifia, hata maruni. Yenye picha za baba Krismasi na kengele usinunue, tarehe 7 Januari utayachukia na hela ya kubadilisha haipo.

Namba tatu naiweka kamba ya katani, na hapa naongea kama mtu wa Tanga. Hiki ni kitu chetu, nyuzi zake zinatoka kwenye mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, safari ikawa ndefu, iliyofika hai ikawa 62 tu ikapandwa Kikogwe kule Pangani, na kutoka hapo mkoa mzima ukaja kuishi kwa mkonge. Leo tunanunua riboni ya plastiki kutoka mbali wakati bunda la kamba ya katani lipo duka la vifaa karibu na wewe. Inafaa kwa kila kitu: unasuka shada la mlangoni ukizungushia waya wa duara, unafungia taa, unaning'inizia kadi na nyota za karatasi. Rangi yake ya dhahabu ya asili inakubaliana na taa zile za manjano nilizosema. Uzuri mwingine, kwa wapangaji, ni kwamba huhitaji kupiga misumari ukagombana na mwenye nyumba, funga kwenye nondo za dirisha na bomba la pazia, inatosha. Gundi ya pande mbili iache, kwa unyevu wetu huu inabanduka usiku, na ikiganda kweli inaondoka na rangi ya ukuta. Ila katani inashika moto haraka, kwa hiyo isikae karibu na mshumaa wala balbu ya moto, hii usiisahau.

Namba nne sasa ndo mti, na hapa kuna njia kadhaa nitazipanga ninavyoziamini.

Wa kwanza kwangu ni mlingoti wa mkonge. Mkonge unatoa mlingoti mara moja tu maishani, unarefuka mita tano na zaidi, juu unafanya vimikono vya matawi pande zote, halafu mmea wenyewe unakufa. Ukikauka ni mwepesi ajabu, mtoto anaubeba. Ukikata ile sehemu ya juu kama mita moja na nusu, ukaisimamisha kwenye ndoo ya mchanga na kokoto, ukaufunga taa kwenye vile vimikono, una mti ambao mtu wa Tanga anautambua akiingia tu. Mashamba ya mkonge yapo Pongwe, Muheza, Korogwe, omba kwa mwenye shamba au msimamizi, usiingie kukata tu. Uanike juani siku kadhaa na uukung'ute kwanza maana wadudu wanapenda kutoboa ndani.

Wa pili mti wa plastiki, na simdharau anayeununua, ukiwa mzuri unakaa miaka. Shida ni kuchagua. Usidanganyike na urefu, uliza ncha za matawi ni ngapi, wa futi tano wenye matawi mengi unapendeza kuliko wa futi saba unaoona bomba la katikati kutoka mlangoni. Sebule nyingi za kupanga futi nne au tano inatosha. Na inua macho uangalie pangaboi, kila mwaka mtu anaweka mti au anatundika nyuzi za kumeta chini ya pangaboi, akiliwasha linavuta kila kitu, taa na waya vyote. Miguu ya mti ikiwa ya chuma, iwe imepakwa rangi vizuri, hewa ya chumvi Raskazone na Sahare inakula chuma haraka. Ukiagiza Kariakoo uje kwa basi, omba video mti ukiwa umefunguliwa wote, siyo picha ya kwenye boksi.

Wa tatu mvinje wa kwenye chungu, mche mdogo. Unapenda mchanga na haujali chumvi, kwa hiyo hapa kwetu unaishi vizuri, ila matawi yake ni malegevu, weka mapambo mepesi tu ya karatasi na taa. Ukiupanda baadaye usiusogeze karibu na ukuta wala bomba la maji, unaweza kupita mita 20. Kukata matawi ya mivinje ya ufukweni siungi mkono kabisa, ile ndo inashika mchanga wetu.

Wa mwisho saipresi wa kukatwa kutoka Lushoto. Harufu yake ni nzuri sana, na watu waliokulia milimani Krismasi bila harufu hiyo hawaielewi, nawaelewa. Lakini umetoka kwenye baridi ya mita 1,400 juu ya bahari umeletwa kwenye joto la pwani, unakauka mbio, majani yanadondoka sakafuni, na mti mkavu wenye taa ni hatari. Ukiuchukua, uje tarehe 22 au 23, kisiki kikae kwenye ndoo yenye maji kila siku, ukianza kupukutika utoe nje.

Namba tano, pango la Mtoto Yesu. Kwa familia inayosali hili lina uzito kuliko mti, na ungeniuliza kwa moyo tu ningelipandisha juu, limeshuka kwa sababu hulazimiki kulinunua. Tangu Mtakatifu Fransisko alipoandaa pango kule Greccio mwaka 1223 watu wamekuwa wakilitengeneza kwa vitu walivyonavyo. Nunua sanamu ndogo tu za Mtoto, Maria na Yosefu, nzito kidogo zisianguke kwa upepo wa dirishani, paa weka kuti, chini majani makavu. Ng'ombe na kondoo waache watoto wafinyange kwa udongo.

Maua na majani, namba sita, usitumie hela nyingi. Mkrismasi umeshawaka mwekundu barabarani bure, na ukiyakata yale maua yananyauka haraka, yaache mtini. Makuti mabichi getini yanapendeza sana, yafunge tarehe 24 maana siku chache tu yanageuka rangi. Ule mmea wa majani mekundu unaoshamiri Lushoto, ukiletewa kwenye chungu uweke kivulini, na utomvu wake usiguse macho ya mtoto.

Nyuzi za kumeta, maputo, herufi za foili za ukutani: namba saba, yote kwa pamoja. Maputo kwa joto hili yanapasuka na kusinyaa kabla wageni hawajafika. Na theluji ya kupuliza kwenye kioo, au pamba ya kutandaza juu ya mti, hiyo iache dukani, inashika vumbi na unyevu, kuitoa kwenye kioo ni kazi ya siku nzima.

Kwa bajeti yoyote uliyonayo mimi ningegawa hivi: theluthi kwenye taa na ekstensheni nzuri, theluthi kwenye mapazia ya sebuleni peke yake, vyumba vingine vitasubiri, na inayobaki ndo katani, mti na sanamu. Usisahau kubakiza ya mchele na viungo maana sahani za pilau lazima zivuke kwa majirani, na wao watataka kuja kuziona hizo taa. Nenda dukani wiki ya mwisho ya Novemba wakati mzigo ni mpya na muuzaji ana muda wa kukuchomekea. Mti wa plastiki kama unaweza kuvumilia, mwaka huu simamisha mlingoti wa mkonge, halafu rudi dukani tarehe 27 au 28 Desemba, uliza ile miti iliyobaki wanaitoa kwa bei gani.