Alamu ya famasi yangu: uzoefu wangu na wale wanaoipokea kule kituoni

Nina famasi Tegeta, Dar es Salaam, na familia inaishi nyuma yake. Tangu tufungiwe alamu na kampuni moja ya ulinzi, majirani wananiuliza bei na ukali wa king'ora. Mimi nawaambia waulize kwanza hili: ishara ikifika kituoni, yaani ofisi ya kampuni inayopokea alamu za wateja, yule aliyekaa mbele ya kompyuta anaifanyia nini? Kila mwezi mnamlipa yeye.

Watu wengi wanadhani alamu hutuma habari moja tu, kwamba kuna mwizi. Sivyo. Boksi la alamu hutuma namba. Mfumo wetu, kama mingi iliyopo, unatumia utaratibu unaoitwa Contact ID, ambao kila tukio lina namba yake ya tarakimu tatu: 130 ni wizi wa kuvunja, 110 ni moto, 120 ni kitufe cha dharura, 301 ni umeme kukatika, 302 ni betri kuishiwa nguvu. Ujumbe huo unabeba pia namba ya mteja na ya sensa (kifaa kinachohisi mtu, mlango kufunguliwa au moshi) iliyoshtuka, ndiyo maana huwa wananiambia moja kwa moja kama ni mlango wa stoo au dirisha la mbele.

Kwenye 130 hawa jamaa wako vizuri. Sensa moja ikishtuka, wanapiga simu kwanza, kwa sababu hata mjusi akipita juu ya sensa anaweza kuiamsha. Mlango ukishtuka kisha sensa ya ndani ikafuata, hawasubiri simu ipokelewe, gari la doria linatoka. Anayepokea simu lazima ataje neno la siri. Siku moja alipokea shemeji yangu, akasema, "Mimi ni ndugu, hakuna shida." Neno halijui. Gari likaja vilevile, na walinzi hawakuondoka getini mpaka nilipoongea nao mwenyewe. Shemeji alikasirika sana, lakini mimi niliwashukuru, kwa sababu hata jambazi angejibu hivyohivyo.

Kitufe cha dharura ni habari nyingine. Hapo hawapigi simu kabisa, wanatuma gari, kwa kuwa simu ikiita mbele ya mtu mwenye panga inaweza kukuponza. Ipo pia namba ya kulazimishwa. Mtu akikushikilia uzime alamu, unabonyeza namba tofauti na ile ya kila siku. Alamu inazimika kama kawaida, king'ora kimya, aliyesimama nyuma yako haoni tofauti yoyote, ila kule kituoni inaingia 121. Tulipanga nao siku ya majaribio, nikabonyeza nikiwa na msaidizi wangu kaunta. Simu haikuita. Gari lilifika kimyakimya, likasimama mbali kidogo na duka. Wenye maduka ya dawa na mawakala wa pesa za simu, hii msiikose. Hakikisheni na wafanyakazi wenu wanaijua.

Moto sina la kulalamikia. Moshi wa udi uliwahi kuamsha sensa ya sebuleni, wakapiga papo hapo, wakataka mtu mzima akague kila chumba kabla hawajafunga tukio. Mtu asipopatikana, wanatuma gari na kuwaita zimamoto kwa 114.

Sasa kasoro. Umeme ukikatika mtaa mzima, boksi zote za eneo hilo hutuma 301 kwa pamoja, kwa hiyo naelewa wakisubiri kidogo kabla ya kumsumbua mteja. Lakini 302 haifai kuwekwa pembeni. Betri ya volti 12 iliyo ndani ya boksi ndiyo inayoliweka hai giza likiingia, na kwa joto letu huchoka mapema. Ya kwetu ilituma 302 usiku, mtu wa zamu akaandika "imepokelewa", basi. Hakuna aliyeniambia. Umeme ulipokatika kwa muda mrefu, boksi likazimika na famasi ikabaki bila ulinzi.

Kilichotuokoa ni 602, ishara ya majaribio ambayo boksi hutuma lenyewe kila usiku. Isipofika, kompyuta ya kituo inapiga kelele. Wakanipigia asubuhi, fundi akaja na betri mpya. Nilipoomba ripoti ya matukio ndipo nikaiona ile 302 imekaa siku kadhaa bila kushughulikiwa. Nililalamika kwa maandishi, na nasisitiza: 302 ni kazi ya kesho asubuhi, si ya mwisho wa mwezi.

Sasa wanatuma meseji kwa kila 302. Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano wataipata wakianza kumtumia mteja ripoti ya matukio kila mwezi bila kuombwa, maana hadi leo usipoiomba huipati.