Kipimo cha Mwanga cha Asali: Je, Kinaijua Asali Yetu?

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni. Hiki mkononi ni spektrometa ndogo, yaani kipimo cha mwanga, inashikana na simu kwa bluetuthi, na tangazo lake linasema inakamata asali iliyochakachuliwa kwa sukari. Niko nayo hapa Nairobi, na mezani nina asali ya Kitui na ya Baringo.

Inamulika asali kwa mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni. Maji na sukari hufyonza mwanga huo kila kimoja kwa namna yake. Maji hufyonza sana karibu na nanomita 1,450. Kifaa kinasoma mwanga uliobaki, kisha programu inaulinganisha na asali ilizofundishwa. Hapo kwenye kulinganisha ndipo penye kazi, maana asali yenyewe ni sukari! Kwa kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, fruktosi na glukosi, sukari mbili kuu za asali, kwa pamoja hazipungui gramu 60 kwa kila gramu 100 za asali ya maua, na sukrosi, yaani sukari ya chai, kwa kawaida haizidi gramu 5. Aliyetia sukari ya miwa anaacha alama. Aliyetia shira ya mahindi yenye fruktosi nyingi ametia sukari zilezile za nyuki, huyo ni mgumu kumshika.

Tazameni. Hii ya Kitui nimeitia shira robo nzima: imeshikwa mara moja. Hii nimetia kijiko kimoja: inasema safi. Sasa hii ya Baringo, niliyoiona mwenyewe ikikamuliwa kutoka kwenye masega, inasema imechakachuliwa.

Hilo limeniuma sana. Mwongozo unasema kifaa kilifundishwa kwa asali za Ulaya, kwa hiyo maua ya migunga yetu ni mageni kwake. Mrina asali wa watu anaweza kukosa soko kwa hukumu kama hii.

Kama ni ya nyumbani, usinunue. Chama cha wafugaji nyuki chenye sampuli zake za kukifundishia kitanufaika, mradi asali iliyoganda ipashwe polepole iyeyuke, na zote zipimwe zikiwa na joto moja. Ikitokea shaka, maabara ya isotopu za kaboni, yaani aina za kaboni zinazotofautiana uzito, hutambua sukari ya miwa na ya mahindi kuanzia takriban asilimia 7. Ule mtindo wa kuchovya kijiti cha kiberiti kwenye asali na kukiwasha achaneni nao, haupimi sukari.

Kabla hujalipa, muulize muuzaji kama programu inaruhusu kuongeza sampuli zako mwenyewe. Akisema hapana, rudisha pesa mfukoni.