Giraffiti na wenzake: shindano la maneno la Washington Post

Style Invitational, shindano la utani lililoanza kwenye gazeti la Washington Post mwaka 1993, lilikuwa na zoezi moja linalostahili sifa zote: chukua neno la kamusi, ongeza, punguza au badili herufi moja tu, kisha lipe maana mpya.

Kwangu "giraffiti" ndilo bora. Ni "graffiti", michoro ya ukutani, iliyoongezwa i moja baada ya g, na papo hapo twiga ("giraffe") kaingia: michoro iliyochorwa juu sana. Hata matamshi yanageuka, g inasomwa j, kwa hiyo anayesikia naye anacheka. "Intaxication" nayo imekaa vizuri. Kwenye neno la ulevi, "intoxication", o imekuwa a, kodi ("tax") ikajitokeza katikati: ni furaha ya kurudishiwa kodi, mpaka ukumbuke pesa zilikuwa zako tangu mwanzo.

"Sarchasm" ina kasoro. Ile h imechimba korongo ("chasm") ndani ya kejeli ("sarcasm"): ni pengo kati ya mwenye kejeli na asiyeielewa. Lakini ukilitamka halina tofauti yoyote na "sarcasm". Hilo ni la kusomwa, si la kusimuliwa.

Anayetaka kujaribu achague neno refu, la silabi tatu au zaidi, ili msomaji alitambue lile la zamani. Neno fupi likiguswa huwa jingine kabisa, na utani unapotea.

Na zile orodha zinazosambazwa kwa jina la Mensa, chama cha watu wenye alama za juu kwenye vipimo vya akili? Maneno mengi humo yalitoka kwenye shindano hili, majina ya watunzi yakaachwa njiani.