Kiboko au kumnyima simu: ipi inamnyoosha mtoto?

Huu mjadala hauishi, wazazi wa zamani wanasema sisi tulichapwa na tukawa watu, wa siku hizi wanasema ongea na mtoto.

Kwa haraka kiboko kinashinda, hakuna ubishi. Dakika moja kelele zimeisha. Kumnyima simu wiki nzima ni kazi, atanuna, atamwendea bibi yake amuombee msamaha, na ukilegea siku ya pili tu basi ameshakujua.

Ila sasa je, ukiwa haupo? Hapo ndo kiboko kinapofeli, maana mtoto anajifunza kukwepa kushikwa, anakuwa mjanja wa kufuta ushahidi. Aliyevunja kioo cha jirani kwa mpira akakatwa hela yake ya sikukuu kidogo kidogo mpaka kioo kikalipwa, huyo mpira anaenda kuchezea uwanjani bila kuambiwa. Kwa hili mi niko upande wa adhabu kama hiyo ya kioo, sio kiboko.

Kuna na sheria. Kenya walipiga marufuku viboko shuleni tangu 2001, Tanzania bara kanuni za 2002 zinaruhusu, lakini visizidi vinne, mkuu wa shule ndo atoe au amteue mwalimu, na viandikwe kwenye kitabu. Sio kila mwenye fimbo ajichapie tu.

Kama unarudi nyumbani saa tatu usiku na mtoto anabaki na dada, adhabu ya wiki nzima nani ataisimamia? Panga na dada kwanza. Wa miaka 3 naye wiki haielewi, mtoe tu hapo alipo.