Uzoefu wangu: kuhariri COBOL ya meinifremu kwa VS Code

Kwa miaka mingi nimeandika COBOL, lugha ya zamani ya programu za biashara, kwenye meinifremu (kompyuta kubwa za mashirika), ndani ya kihariri chake cha ISPF, kwenye skrini ya mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja. Programu ya mistari elfu tatu unaisoma humo kama anayechungulia chumba kwenye tundu la ufunguo. Miezi minane sasa natumia VS Code, kihariri cha kompyuta ya kawaida, na kiendelezi (programu ya nyongeza) cha Zowe Explorer, kinachofika kwenye z/OS, mfumo endeshi wa meinifremu, kupitia huduma yake ya z/OSMF. Nikifungua faili inashuka kwangu, nikihifadhi inarudi ilikotoka.

Nilichokipenda kwanza ni kuona. Sehemu mbili za programu moja zinakaa ubavu kwa ubavu, na nikigusa jina la kigezo panang'aa kila linapotokea.

Wiki ya pili nikaponzeka. Niliongeza sharti la IF kwenye programu ya zamani, mstari ukarefuka, na nukta ya kuufunga ikaangukia safu ya 73, yaani nafasi ya herufi ya 73 kwenye mstari. COBOL ya mtindo ule inasoma hadi safu ya 72 tu. Kuanzia 73 hadi 80 hairuhusu wala haikatai, inapuuza. Kwenye skrini yangu nukta ilikuwepo, naiona kwa macho yangu! Kompaila, inayotafsiri programu kwa lugha ya mashine, haikulalamika. Bila nukta IF haikufungwa, hesabu iliyofuata ikamezwa ndani yake, na jumla ikatoka pungufu. Nilitafuta kosa hilo siku nzima. Tangu hapo nimechora mistari ya wima kwenye safu za 7, 11 na 72 kwa mpangilio wa editor.rulers, na kitufe cha tabu kinaweka nafasi tupu. Ukianza, anza na hayo mawili kabla hujagusa faili yoyote.

Kagua pia usimbaji, yaani namna herufi zinavyogeuzwa kuwa namba. Meinifremu inatumia EBCDIC, usimbaji wenye majedwali mengi ya herufi, kila moja na namba yake. Faili iliyoandikwa kwa jedwali la 1047 ikisomwa kwa la 037, mabano ya mraba yanageuka Ý na ¨. Ukiona alama hizo usihifadhi, rekebisha jedwali kwanza.

Faili za data zenye namba za COMP-3, zilizobanwa tarakimu mbili kwa baiti, sizifungui huku kabisa. Zile si maandishi, na kuzihifadhi kama maandishi ni kuziharibu. Hizo bado nazirudia kwenye ISPF, pamoja na marekebisho ya mstari mmoja, maana vidole vyangu vinaijua njia.